Vibarua Wapya wa Barabara ya Thika

Mwulize mzazi wa Mombasa, Malindi au Lamu ambaye mwanawe alikwenda kusoma bara, akamaliza chuo na asirudi, kijana anafanya kazi gani huko. Aghalabu jibu huja kwa kusitasita: "Yuko Ruiru, yuko kwenye kompyuta." Hapo mazungumzo hukatika, kwani mzazi mwenyewe hana hakika kama hilo ni kazi, ni ubazazi, au ni jina jipya la kukaa bure. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi mno, barazani na arusini, hata nikaona heri niende nikajionee. Nilikaa siku kadhaa baina ya Thika na Ruiru, nikawa nawauliza vijana hao swali moja: Je, kazi hii imewaridhisha?

Swali hilo si la kupoteza wakati. Tangu 2016 serikali yetu imekuwa na mpango uitwao Ajira, wa kuwafunza vijana namna ya kutafuta kazi za mtandaoni, na kazi hizo zimetangazwa kama ukombozi wa wahitimu wasio na ofisi za kuwapokea. Basi ni haki kuwauliza waliokombolewa wanasemaje.

Msomaji asiyewahi kupita huko na ajue kwamba Ruiru, Juja na Thika zimepangana katika barabara moja itokayo Nairobi kuelekea kaskazini, ile barabara pana iliyofunguliwa Novemba 2012 wakati wa Rais Kibaki. Zamani pande zote za njia ilikuwa ni mibuni. Jina la Kahawa, mtaa unaoutangulia Ruiru, ni shahidi. Na mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, ilizalishwa kwenye kituo cha utafiti cha hapo hapo. Leo mibuni imepisha majumba ya kupangisha. Sensa ya 2019 iliikuta Ruiru na watu wapatao 490,000, karibu mara mbili ya Thika, mji ambao watu walizoea kuuona mkubwa kwa ajili ya viwanda vyake na mananasi yake. Kuna Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, Chuo Kikuu cha Mount Kenya pale Thika, na cha Kenyatta upande wa Nairobi. Kijana akimaliza masomo hana haja ya kuhama: chumba anacho, kodi ni nafuu kuliko ya Nairobi, na waya wa intaneti umeshaingizwa ndani ya jengo.

Na hapa pana jambo la kutuchekesha kidogo sisi watu wa pwani, kicheko chenye uchungu. Nyaya kubwa zilizopita chini ya bahari na kutuletea intaneti ya kasi, TEAMS na SEACOM, ziliteremka Mombasa mwaka 2009. Intaneti ilishuka bandarini kwetu kama zishukavyo ngano na magari, na kama ngano na magari ikashika njia ya bara. Sitaki kusema kwamba Mombasa hakuna wanaofanya kazi hizi, wapo. Lakini soko lake, yaani mahali ambapo kijana hupata wa kumfunza, wa kumwazima kompyuta na wa kumgawia kazi iliyomzidi, limekaa kwenye barabara ile ya Thika.

Kazi zenyewe ni za namna nyingi. Kuna wanaosikiliza sauti zilizorekodiwa, za mikutano, za kesi, za madaktari wakizungumza, na kuziandika neno kwa neno. Kuna wanaoketi wakichora visanduku kuzunguka picha za magari na watu ili mashine ifunzwe kutambua gari ni lipi na mtu ni yupi. Kuna wanaopanga barua na miadi ya tajiri asiyewaona, aliye Texas au Toronto. Kuna wanaotengeneza vitabu vya hesabu, wanaochora nembo, wanaotunga programu. Na wapo wale ambao hutajwa kwa sauti ya chini, waandikao insha za wanafunzi wa ng'ambo, hao nitawarudia.

Wengi hufanya kazi usiku. Saa sita za usiku Thika ni saa kumi au kumi na moja za alasiri New York, kwa hiyo mwenye kutafuta mteja wa Marekani sharti akeshe. Nilipita Ruiru saa nane za usiku nikatazama juu: ghorofa nzima giza, lakini madirisha manne matano yana ule mwanga wa rangi ya samawati. Kijana mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Lamu aishiye Thika, aliniambia kwamba yeye hufunga kompyuta kwa adhana ya alfajiri, akasali, akalala hadi adhuhuri. Ramadhani, alisema, ndiyo miezi yake mizuri kuliko yote, kwani daku humkuta yu macho. Nikamwambia Ramadhani ni mwezi mmoja tu. Akacheka, akasema kwa mtu alalaye mchana miezi haihesabiki vizuri.

Sasa majibu. Karibu wote niliowauliza walianza na neno moja: uhuru. Hakuna bosi wa kukukemea, hakuna matatu ya saa kumi na moja asubuhi, hakuna kuvaa tai. Mtu akitaka kwenda kwao arusini huenda bila ya kuomba ruhusa. Mama mmoja kijana wa Ruiru, mwenye mtoto wa miezi minane, alisema hakuna ofisi ambayo ingempa nafasi ya kunyonyesha huku anafanya kazi. Maneno hayo ni ya kweli na sikuona sababu ya kuyatilia shaka.

Lakini lugha yetu ina maneno mawili ambayo watu huyachanganya, kuridhika na kutosheka. Mtu huweza kuridhika na kipande cha mkate kwa kuwa ndicho alichoruzukiwa, na tumbo lake lisitosheke. Nilipobadili swali, nikauliza kama kazi inawatosha, nyuso zilibadilika. Huyo kijana wa Lamu, ambaye kazi yake ni kuandika sauti, alinifanyia hesabu. Malipo huhesabiwa kwa dakika za sauti, si kwa dakika za jasho. Saa moja ya sauti iliyo safi huchukua kama saa nne kuiandika. Ikiwa wasemaji wanakatizana, au mmoja wao ana lafudhi ngumu, huchukua saa sita. Mteja hulipia saa moja. Juu yake jukwaa, yaani ule mtandao unaowakutanisha, huchukua fungu lake. Fiverr, mathalan, humkata muuzaji asilimia 20. Kisha kuna ada ya kuhamisha fedha, na dola kugeuzwa shilingi. Stima ikipotea katikati ya kazi, hasara ni yako. Bando likiisha, ni lako. Na mteja akisema hakupendezwa, kazi inaweza kubaki kwake na malipo yasije kwako.

Wanavyuoni wa fiq'hi (nami si mmoja wao, nasema yale tuliyofunzwa chuoni sote) hutenganisha ijara na ju'ala. Katika ijara, ujira hujulikana tangu mwanzo, na mwenye kazi hutakiwa amlipe mtu kabla jasho lake halijakauka. Ju'ala ni ahadi ya malipo kwa yeyote atakayeleta matokeo, kama mtu atangazaye zawadi kwa atakayemrudisha ngamia wake aliyepotea. Wakimtafuta kumi, tisa hurudi mikono mitupu na hawana madai. Vijana hawa wanadhani wameajiriwa kwa ijara, ilhali kwa sehemu kubwa wako kwenye ju'ala. Ngamia hutafutwa na watu wa Thika, wa Manila na wa Karachi kwa wakati mmoja.

Juu ya waandishi wa insha sitaficha maoni yangu. Kwa miaka mingi hii ndiyo iliyokuwa kazi yenye fedha nyingi zaidi baina ya Juja na Thika. Mwanafunzi wa Uingereza au Marekani hulipa, Mkenya huandika, mwanafunzi huweka jina lake na kupewa shahada. Profesa Patricia Kingori, mzaliwa wa Kenya afundishaye Oxford, alilichunguza jambo hili, na filamu iliyotolewa mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars inamwonyesha akiwafuata waandishi hao. Kinachoumiza ni kwamba watu hawa ni hodari kwelikweli. Mtu anaandika juu ya uuguzi leo, juu ya sheria kesho, juu ya falsafa keshokutwa, na hupata alama za juu kwenye vyuo ambavyo visingempa yeye viza ya kuingia mlangoni. Lakini ni ghushi, na ghushi ni ghushi hata ikiandikwa kwa Kiingereza safi. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 kuharamisha biashara ya kuwauzia wanafunzi insha. Australia ilitangulia mwaka 2020. Aliyeimaliza biashara hiyo kwa wengi, hata hivyo, hakuwa hakimu. Novemba 2022 ikatoka ChatGPT, na mwanafunzi mvivu akapata mwandishi asiyelala wala asiyedai. Bwana mmoja wa Juja, aliyekuwa amewaajiri wenziwe watano, aliniambia kwamba katika mwaka mmoja alibaki peke yake, kisha akafungua duka la kuuza mitungi ya gesi. Nilimwuliza ipi humridhisha zaidi. Alisema gesi haina usingizi mzuri wala fedha nyingi, ila mama yake sasa anaweza kumweleza jirani mwanawe anauza nini.

Neno hilo la mama lilinikaa, kwa sababu nililisikia kwa namna nyingine huko kwetu. Kijana apelekapo posa, wazee huuliza mambo mawili matatu: ni mtoto wa nani, dini yake ikoje, na anafanya kazi gani. Kijana wa mtandaoni hujikuta hana la kushika mkononi. Hana barua ya kuajiriwa, hana hati ya mshahara. Benki nayo humwuliza yayo hayo anapotaka mkopo, na mwenye nyumba wa mtaa mzuri vilevile. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa likizo ya siku 21 kwa mwaka na mwanamke miezi mitatu ya uzazi. Mama yule wa Ruiru alirudi kwenye kompyuta siku ya kumi na moja baada ya kujifungua, kwani mteja alisema angetafuta mwingine. Bima ya afya, iliyohama kutoka NHIF kwenda SHA Oktoba 2024, sharti ajilipie mwenyewe. Kodi, kwa upande mwingine, imemjua haraka: sheria ya fedha ya 2023 iliweka makato ya asilimia 5 kwa mapato ya wale wanaotengeneza vitu vya kutazamwa mtandaoni, baada ya serikali kutaka kwanza asilimia 15.

Nimelitumia neno kibarua kwenye kichwa cha makala haya, na nilikusudia. Neno hili ni letu, limezaliwa Unguja na Mombasa katika karne ya 19. Mtu aliyechukuliwa kazi ya siku moja, kuchambua karafuu au kubeba mizigo, alipewa kijibarua, naye jioni alikirudisha akapewa ujira wake. Mwisho mtu mwenyewe akaitwa jina la karatasi yake. Wengi wao walikuwa watumwa waliopangishwa, na sehemu ya ujira walimpelekea bwana. Sasa tazama. Kijana wa Thika hawezi kupata kazi bila ya akaunti kwenye jukwaa. Majukwaa mengine huwakataa watu wa Kenya, na mengine huwakubali kwa foleni ndefu. Kwa hiyo akaunti zimekuwa bidhaa. Huuzwa, na aghalabu hukodishwa: mwenye akaunti hukaa, mwenye kuikodi hukesha, na mwisho wa wiki humpelekea mwenyewe fungu lake. Jina lililo juu ya kazi si la mfanyakazi, sifa anazoandika mteja humwendea mwingine, na siku mwenye akaunti akibadili neno la siri, kazi ya miaka miwili imekwenda. Sisemi ni utumwa. Kijana anaweza kuondoka wakati wowote. Lakini nilipomsikia mmoja akisema "bosi wangu wa akaunti" nilishtuka, kwa sababu yule ni mtu aliyeniambia nusu saa kabla yake kwamba hana bosi.

Hata mwenye akaunti ya halali hakuishika mwenyewe. Machi 2024 jukwaa la Remotasks, mali ya kampuni ya Scale AI ya Marekani, liliwafungia mlango watu wa Kenya. Ilikuja barua pepe, basi. Wachora visanduku wa barabara ya Thika waliamka wakakuta mlango haufunguki. Hapakuwa na ofisi ya kwenda kupiga kelele, wala notisi ya mwezi, wala msimamizi wa kumshika koti.

Wazee wa Mombasa wanaoikumbuka bandari ya zamani wataona kwamba si mara ya kwanza mji wa Kenya kuuliza kama kibarua ameridhika. Makuli wa bandarini kabla ya miaka ya 1950 walikuwa wa siku kwa siku, na wengi waliipenda hali hiyo. Mtu alifanya kazi siku alizotaka, akapata fedha za kutosha, siku nyingine akaenda shambani kwake au akapumzika. Wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakuupenda uhuru huo hata kidogo, wakauita uvivu. Lakini vitu vilipopanda bei baada ya vita, uhuru wa kuchagua siku haukununua unga. Januari 1947 Mombasa nzima iligoma kwa kama siku kumi na mbili, watu wakikutana kwenye Kiwanja cha Maskini, na kikazaliwa chama cha wafanyakazi kilichokuja kuongozwa na Chege Kibachia. Baadaye makuli wakaandikishwa, wakapewa kazi za kudumu, nao wakapoteza ule uhuru wa kulala siku watakayo. Walipata kimoja wakaacha kingine.

Tofauti kubwa ni uwanja. Makuli walijuana kwa nyuso na kwa majina ya utani. Madirisha manne ya Ruiru yenye mwanga usiku hayajuani. Huenda hata wanashindana kwa kazi moja bila kujua kwamba wamepakana ukuta. Wasafishaji wa picha na maneno machafu ya Facebook waliokuwa Nairobi, ambao gazeti la Time liliandika juu yao, waliweza kukutana Mei 1, 2023 wakapiga kura kuunda chama, na mahakama zetu zimekubali kwamba Meta inaweza kushtakiwa hapa Kenya. Lakini wao walikuwa wameketi pamoja ofisini, wakila chakula cha mchana meza moja. Wa Thika hana wa kula naye.

Wengine wameamua kurudi ofisini. Katika yale yaliyokuwa mashamba ya kahawa ya Ruiru sasa kuna mji wa watu binafsi uitwao Tatu City, na ndani yake kampuni ya CCI Global imejenga jumba kubwa la kupokea simu za wateja wa ng'ambo. Huko mtu hupata mshahara, zamu na hati ya mwezi. Nilikutana na wawili walioacha kazi za peke yao wakaenda kwenye kazi za simu, na mmoja aliyefanya kinyume. Wale wawili walisema wanalala usingizi. Yule mmoja alisema amechoka kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Sikuona aliyekosea.

Baada ya yote hayo, nilitafuta waliotosheka, nikawapata wachache. Hawakuwa wale wenye fedha nyingi. Walikuwa wale ambao mteja anawajua kwa majina yao. Binti mmoja wa Thika huweka hesabu za maduka matatu, mawili Uingereza na moja Dubai. Alianza kwenye jukwaa, kisha mteja mmoja akampendekeza kwa mwenziwe, na sasa hulipwa moja kwa moja kila tarehe 28. Alinionyesha ankara yake: jina lake juu, la baba yake la pili, anwani ya Thika chini. Alisema akiugua siku mbili mwenye duka humwandikia kumpa pole. Nikamwuliza kama mapato yake yamezidi ya enzi za jukwaa. Akasema ni yale yale takriban, labda zaidi kidogo, ila sasa anaweza kupanga mwezi ujao, na mwaka jana alimlipia mdogo wake karo ya muhula mzima kwa mkupuo.

Yule kijana wa Lamu naye yuko njiani. Ana wateja wawili wake mwenyewe, mmoja wakili, na amekwisha kuacha akaunti ya kukodi. Nilipomwacha alikuwa na fomu ya kusajili jina la biashara, imefunguliwa kwenye kompyuta, na nafasi ya jina haijajazwa. Yeye alitaka jina la Kiingereza lenye neno la dunia nzima ndani yake. Baba yake, aliyekuwa akimsikiliza kwa simu kutoka Lamu, alikuwa akisisitiza litumike jina la babu, ambaye alikuwa fundi wa jahazi.